Usione haya kumlilia mbwa, ila uliza alikula nini

Msomaji mpenzi, je, umewahi kumzika mbwa kwa siri?

Mimi nilijaribu. Popi, mbwa wetu wa miaka sita, alikata roho alfajiri ya Jumatano kando ya mlango wa jikoni, mahali alipozoea kulala. Nilipomkuta amekakamaa, haya ndizo zilizonishika kabla ya huzuni. Nilitaka kumfukia upesi nyuma ya nyumba kabla watoto hawajaamka, ili majirani wasinione, mtu mzima na ndevu zangu, nikifuta machozi kwa sababu ya mbwa. Nikachukua jembe.

Leo nashukuru kwamba shimo lile sikulimaliza, na ningependa nikueleze ni kwa nini.

Popi alikuwa ameugua siku tano. Kwanza alikataa chakula, yeye ambaye hakujua kubakisha. Kisha akaanza kutapika na kunywa maji kupita kiasi. Siku ya nne weupe wa macho na ufizi wake ulikuwa umegeuka manjano, na kinyesi kilikuwa na damu. Daktari wa mifugo tuliyemwita alimdunga sindano na kumtundikia maji, kisha akauliza swali moja tu: "Mbwa huyu anakula nini?"

Nikajibu kwamba anakula ugali kama mbwa wengine wote mtaani. Akauliza tena: "Ugali wa unga gani?"

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile gunia. Mama yangu, anayeishi nyumbani Kitui, alikuwa ametutumia gunia la mahindi ya shamba lake. Msimu huo mvua iliwakuta wakulima wengi mahindi yangali uani hayajakauka. Sisi nasi tulipolipokea tukalisimamisha juu ya sakafu ya saruji, limeegemea ukuta. Tulipolifungua baada ya wiki kadhaa, harufu ya uvundo ilitupokea. Punje nyingine zilikuwa zimeingia rangi ya kijani na kijivu.

Mimi na mke wangu tukakaa tukachagua. Punje safi tukaziweka kando kwa githeri na unga wetu. Zilizobadilika rangi na zilizovunjika tukazitia katika debe, kwa maana tulilelewa tukiambiwa kwamba chakula hakitupwi. "Hizo ni za Popi," nikasema. Debe likapelekwa kinuni, na kwa wiki tatu Popi akawa analishwa unga huo.

Msomaji, maneno hayo manne ningali nayasikia mpaka leo.

Asubuhi ile daktari aliporudi kumtazama mgonjwa wake, alinikuta na jembe mkononi. Akanitazama, akalitazama shimo, akasema: "Mzee, ukimfukia hivi utakuwa umelifukia na jibu. Mpeleke maabara, na uchukue na mahindi yenyewe." Nikatii. Majibu yaliporudi tuliambiwa kwamba ini la Popi lilikuwa limeharibika kabisa, na kwamba mahindi yale yalikuwa na sumu ya aflatoksini kupita kiwango kinachoruhusiwa. Na hayakuwa yale ya debe pekee. Hata yale tuliyoyachagua kwa mikono yetu tukayaita safi, tukayapika githeri na kuwapa watoto, nayo yalikuwa na sumu hiyo.

Sasa tuzungumze juu ya sumu yenyewe. Aflatoksini hutengenezwa na kuvu inayoota katika mahindi, njugu karanga na nafaka nyinginezo zikikosa kukauka vyema au zikihifadhiwa penye unyevu na joto. Haina rangi wala ladha ya kukuonya. Kuchagua punje mbovu hupunguza sumu, lakini hakuimalizi, kwa sababu punje inayopendeza macho yaweza kuwa nayo. Kupika nako hakusaidii. Hata usonge ugali namna gani, moto wa jikoni hauiangamizi. Na mahindi yakishasagwa, macho hayana tena la kufanya.

Sumu hii hushambulia ini. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, ini laweza kuharibika na kumwua katika siku au wiki chache. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, yaweza kumletea saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa nini basi mbwa hutangulia? Kwanza, mwili wa mbwa hauihimili sumu hii. Pili, yeye hula chakula kile kile asubuhi na jioni, bila kubadilisha. Tatu, na hili ndilo la kutuaibisha, sisi humchagulia kilicho kibovu zaidi.

Usidhani haya ni ya nyumba yangu pekee. Mwaka 1974, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan huko India, watu walianza kuugua, macho yakawa manjano na matumbo yakajaa maji. Mbwa wa vijijini nao waliugua vivyo hivyo. Wote walikuwa wamekula mahindi yenye kuvu, na watu zaidi ya 100 walikufa. Hapa kwetu, mwaka 2004, sumu hii iliwapata watu 317 na kuwaua 125, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Na usiseme kwamba wewe ni mtu wa mjini unayenunua unga wa pakiti. Novemba 2019 Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lilipiga marufuku unga wa mahindi wa majina matano kwa sababu ya aflatoksini hiyo hiyo.

Hata katika nchi zilizoendelea, mnyama wa nyumbani amekuwa akitoa ishara. Mwaka 2007 huko Marekani, paka na mbwa walikufa kwa kuharibika figo, na makopo na mifuko zaidi ya milioni 60 ya chakula chao ikaondolewa madukani. Ilibainika kwamba kiungo kilichotoka Uchina kilikuwa kimetiwa kemikali iitwayo melamini. Mwaka uliofuata, huko Uchina kwenyewe, melamini ilipatikana katika maziwa ya watoto. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita wakatangazwa kufa. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

Hii ndiyo sababu nakwambia usione haya. Katika miji yetu anayemlilia mbwa huchekwa. Jirani yangu mmoja aliposikia habari zetu alinipiga begani akasema: "Jirani, mbwa ni mbwa. Kuna kijana nitamwambia akuletee mwingine kesho." Hakuwa na nia mbaya. Lakini hebu fikiri maneno kama hayo hutufanya nini. Hutufanya tumfukie mnyama upesi na kunyamaza, na tusiulize amekufa kwa nini. Tunasema labda kalishwa sumu na wezi, labda kagongwa, labda ni uzee. Kisha tunaingia ndani na kuwapakulia watoto kutoka gunia lile lile. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mimi mwenyewe haya hazikuniisha siku ile. Baada ya majibu ya maabara nilikaa siku mbili bila kumpigia mama simu. Ningemwambiaje kwamba gunia alilolijaza kwa upendo ndilo lililoua? Kisha nikakumbuka kwamba ghalani kwake kulikuwa na magunia mengine ya mavuno yale yale, na kwamba watoto wa dada yangu wanakula hapo kila siku. Nikapiga simu. Nilipomaliza kueleza alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, kuku wangu wamekuwa wakifa. Nami nilidhani ni kideri."

Siwezi kuapa kwamba kuku wale waliuawa na mahindi, kwa maana hakuna aliyewapima. Najua tu kwamba jioni ile ghala lilifungwa. Na lilifungwa kwa sababu ya mbwa ambaye nusura nimfukie kimya kimya.

Pengine wewe msomaji uko katika msiba kama huu wakati huu. Nina machache ya kukuambia.

Kwanza, lia. Kiumbe kilichokulaki langoni kila jioni kwa miaka sita kimeacha pengo, nawe huhitaji kibali cha mtu ili uhuzunike. Ukikosa usingizi au hamu ya chakula kwa siku chache, si kichaa wala si ulaini. Ikiwa huzuni haipungui na inakuzuia kufanya kazi, zungumza na mtu wa kukushauri kama vile ungefanya katika msiba mwingine wowote.

Pili, waambie watoto ukweli. Usiwaambie kwamba mbwa amesafiri au amelala, kwa sababu mtoto atamngoja, au ataogopa kulala. Binti yangu wa miaka tisa aliniuliza: "Baba, ni sisi tuliompa?" Nilitamani kusema hapana. Nikamjibu: "Ndiyo, ni sisi. Tulijua mahindi ni mabaya, hatukujua kwamba yanaua." Alilia sana, lakini hakuniuliza tena. Kwa kuwa Popi hakurudi kutoka maabara, watoto waliizika bakuli yake ya bati katika lile shimo nililoliacha nusu. Na usikimbilie kuleta mwingine kesho yake. Waache watoto wamalize kumlilia huyu.

Tatu, juu ya lawama. Utajilaumu, na pengine una sehemu yako ya kosa kama nilivyo na yangu. Lakini lawama inayokaa moyoni bila kutenda jambo haimsaidii yeyote. Ichukue uende nayo ghalani.

Ukifika huko, fanya hivi. Mbwa, paka au kuku akikataa chakula ghafla, akitapika, akilegea au macho yakigeuka manjano, acha mara moja kumpa chakula alichokuwa akila na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usikitupe chakula chote kabla ya kuweka kiasi kidogo kando kwa uchunguzi, pamoja na mfuko wake ikiwa ni cha dukani. Akifa, uliza kuhusu kupasuliwa na kupimwa. Ikiwa mtu nyumbani naye amelegea, anatapika au macho yake ni manjano, usingoje majibu ya mbwa. Mpeleke hospitali na ueleze mlichokula.

Mahindi yenye kuvu usimpe mnyama yeyote. Ukimpa kuku waweza kumwua, na ukimpa ng'ombe, sehemu ya sumu hupitia katika maziwa na kurudi mezani kwako. Usiyauze pia, maana mnunuzi naye ana watoto.

Kabla ya kuweka mahindi, yakaushe juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funga na utikise kwa dakika kadhaa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Na unaponunua unga wa bei rahisi ulioandikiwa mbwa, jiulize bei hiyo imetoka wapi.

Serikali nayo ina lake. Kipimo cha aflatoksini hakifai kuwa jambo la mwenye fedha au la aliyebahatika kupata daktari mwema kama nilivyopata mimi. Kila kaunti inayolima au kununua mahindi yafaa iwe na mahali ambapo mama wa kijijini anaweza kupeleka gorogoro moja likapimwa kabla halijapikwa. Mpaka siku hiyo ifike, wengi wetu tutaendelea kupimiwa chakula na mbwa wetu, nao hawakuajiriwa kwa kazi hiyo.

Popi hakujua kwamba alikuwa akituonya. Alikula alichopewa na mtu aliyemwamini, basi. Mimi ndiye niliyempa. Ndiyo maana simwonei haya kumlilia, na ndiyo maana siku hizi punje tusiyoweza kuila sisi haili mtu wala mnyama katika nyumba yangu.