Mke wa Msanii na Meza ya Mhariri

Umezuka mtindo katika uhakiki wetu wa kumsifu mke wa msanii kwa jambo moja: kwamba alimwondolea mumewe adha ya wahariri. Yeye ndiye aliyenakili mswada, akaandika barua, akadai malipo na kumtuliza mhariri wa jarida aliyechoka kungoja. Sifa hii huvaa joho la heshima. Nadai hapa kwamba ni njia ya adabu ya kumfuta mwanamke katika historia ya fasihi.

Kielelezo kinachopendwa ni Anna Dostoyevskaya wa Urusi, aliyesimamia uchapishaji wa riwaya ya mumewe mwaka 1873. Ushahidi huo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wanaouleta Afrika Mashariki kama kipimo, wakamtafuta Anna katika kila nyumba ya msanii. (Amina wa Shaaban Robert naye tunamjua kwa marsiya tu, hata kazi ya barua hakuna aliyefikiria kumuulizia.)

Tukipime kipimo hicho kwa Elimo na Rebeka Njau. Elimo, mzaliwa wa Marangu, alisomea sanaa Makerere, akachora michoro ya ukutani ya kanisa la Murang'a mwaka 1959, na ni miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Rebeka, mzaliwa wa Kiambu, naye alisoma Makerere. Panapozungumzwa sanaa ya uchoraji, yeye aghalabu huingia kama mwenzi wa mchoraji, basi. Hata hivyo, jarida la Transition, lililoasisiwa na Rajat Neogy mjini Kampala mwaka 1961, lilichapisha mwaka 1963 tanzia ya onyesho moja, The Scar, inayohusu tohara ya wasichana. Mwenye kazi ni Rebeka. Katika nyumba hiyo ya msanii, mke alikuwa na kazi yake mwenyewe mezani kwa mhariri.

Kuna zaidi. Mwaka 1965 tamthilia hiyo ilitoka kama kitabu, ikiwa na jina la Kibo Art Gallery ya Moshi, jumba la sanaa lililoanzishwa na Elimo. Hapo mchoraji ndiye aliyesimama upande wa mchapishaji, kazi ikiwa ya mkewe. Mbona hakuna mhakiki aliyemwita Elimo "mume mwaminifu aliyemwondolea mwandishi adha"? Na mashairi ya Rebeka yaliyosomwa kwa jina la Marina Gashe yalimwacha msomaji asijue kabisa kwamba kuna mume. Mpinzani atasema jina la kubuni ni dalili ya kutaka kujificha. Yawezekana. Lakini anayejificha nyuma ya jina alilojichagulia hayuko sawa na anayefichwa nyuma ya jina la mumewe.

Swali hili tunaliona wazi zaidi huku Bumala, kwenye barabara iendayo Busia. Reli ya Kampala, iliyofika huko mwaka 1931, inapita Malaba. Na posta ilikuwa moja kwa nchi zote tatu hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mawasiliano baina ya Nairobi na wahariri wa Kampala hayakuwa na mpaka wa kuyazuia. Na sokoni Busia, mwanamke avushaye omena hubishana mwenyewe na afisa wa forodha, akalipa na kupokea risiti; hakuna amwitaye "mke wa mwenye mali". Mchuuzi anapewa haki ambayo mhakiki anamnyima mwandishi.

Nasisitiza kwamba sikanushi kazi ya wake walioandika barua kwa niaba ya waume zao. Ninachopinga ni kuidhania bila hati, kisha kuigeuza kuwa fadhila ya kike. Mwanafunzi wa uzamili anayeanza tasnifu yake leo na aanzie kwenye bahasha: nani alitia saini, malipo yaliandikwa kwa jina la nani, mhariri alimjibu nani, na kwa lugha gani ya heshima au ya dharau. Iwapo barua zimeliwa na mchwa, aandike kwamba zimeliwa na mchwa, wala asilizibe pengo kwa yale maneno mawili tuliyoyazoea, "mkewe alimsaidia".