Chaguo la Mungu, kura yangu ya nini?

Wadau, nimekuwa kimya, semista inaninyoosha. Ila leo nimerudi kutoka ibadani hapa Mlandege roho imechafuka, acha niseme.

Tulisimama kuliombea taifa. Kumwombea kiongozi sina tatizo nako hata kidogo. Basi bwana, maombi yakageuka kampeni: kiongozi wetu ni mpakwa mafuta, anayemnyooshea kidole anagombana na Mungu. Watu "Ameeen!" Mimi na mwenzangu wa chumba tukatazamana tu.

Jamani, huu wimbo ni wa zamani. Mwaka 2005 kuna viongozi wa dini waliotuambia Kikwete ni "chaguo la Mungu". Ukishaambiwa hivyo utahoji nini tena? Akaja Magufuli. Machi 2020 alisimama kanisani Dodoma akasema corona ni shetani, haiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Juni akatangaza imeondoka kwa maombi. Wenye majoho wangapi waliyabeba maneno yale wakayapandisha mimbarani kama yalivyo? Kijijini kwetu tuliambiwa barakoa ni upungufu wa imani. Mama mdogo akaivua. Februari 2021 tukamzika, "changamoto ya upumuaji", na aliyemwambia avue ndiye aliyeongoza mazishi. Hilo sijalisamehe.

Si wote, nisije nikaonea watu. Januari 2021 Askofu Mkuu Nyaisonga, huyu wa Mbeya, akiwa Rais wa TEC, alitoa waraka kuonya kuwa ugonjwa upo. Kumbe iliwezekana kusema! Ila kusema kuna gharama: Juni 2025 kanisa la Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kukemea utekaji. (Naye alishakuwa mbunge wa CCM, hayo tutaongea siku nyingine.) Anayesifu je, mmewahi kusikia akiulizwa kwa nini anachanganya dini na siasa?

Na msinitajie Warumi 13. Nathani alimfuata Daudi kwenye jumba lake akamwambia kosa lake usoni, na Daudi alikuwa mpakwa mafuta kweli kweli.

Mimi nasomea ualimu. Nikienda mazoezi ya kufundisha, mtoto akiniuliza rais anapatikanaje, nijibu kura au upako?

Jumapili ijayo nimepangiwa kusoma neno. Nimemtumia mchungaji meseji kuomba tuonane kabla ya hapo, shikamoo zote nimeweka. Hajajibu. Haya, mkaa umekolea, naenda kusonga ugali.