Klia si dawa ya ubao mbichi

Najua nitawaudhi mafundi, na baadhi yao ni rafiki zangu. Lakini kuna jambo limenikera kwa muda mrefu na leo nalitoa moyoni. Fimbo za pool tunazotengeneza wenyewe kwa mkono zinakufa mapema kwa sababu tunazipaka vibaya, halafu tunausingizia mti. Eti mbao za kwetu hazifai. Eti fimbo ya maana ni ya Mchina. Uongo mtupu!

Nimezunguka baa nyingi za Dar es Salaam (kazi ya uandishi ina faida zake, mhariri wangu asipite hapa tafadhali) na habari ni ileile. Mwenye baa anaagiza fimbo nne kwa seremala. Zinakuja zinang'aa mpaka unajiona usoni. Baada ya muda mfupi klia inaanza kubanduka kuanzia chini kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Kisha fimbo inapinda, ukiiviringisha mezani inarukaruka. Mwisho wa yote mwenye baa yuko Kariakoo ananunua za kutoka ng'ambo, na seremala amepoteza mteja bila kujua kwa nini.

Sasa tuulizane jamani, klia kazi yake nini? Uliza karakana yoyote, jibu litakuwa kung'arisha. Hapo ndipo tunapopotea. Kung'aa ni ziada tu. Kazi ya klia ni kuupunguzia ubao kasi ya kunywa na kutoa unyevu. Angalieni nimesema kupunguza kasi, sikusema kuzuia, maana hakuna vanishi duniani inayozuia kabisa. Ubao unapumua unyevu maisha yake yote. Ukiutoa Dodoma kwenye ukavu ukauleta Dar, utavimba kidogo. Ukiurudisha, utasinyaa. Kwenye kabati la nguo hilo halikusumbui sana. Kwenye fimbo yenye urefu wa kama sentimita 147 na ncha nyembamba ya milimita 13 hivi, kujikunja kidogo tu kunampotezea mchezaji mpira.

Kwa hiyo ukipaka klia juu ya ubao ambao haujakauka, hujaulinda, umeufungia maji ndani. Maji yale yatatafuta njia ya kutoka, na njia yenyewe ni kuisukuma klia yako. Watengenezaji wa fimbo wa Marekani hawaendi haraka na jambo hili. Mti unakaushwa, unakerezwa kidogo, unaachwa unatulia kwa wiki au miezi, unakerezwa tena kidogo, unaachwa tena, kwa sababu kila ukiuondolea nyama unabadilisha mkao. Uliopinda katikati ya safari unatupwa. Sisi tunapasua Jumatatu, tunapaka Jumatano, Ijumaa tunapokea hela.

Najua utetezi. "Kaka, mteja hataki kusubiri." Ni kweli, na mwenye baa anayeagiza fimbo leo akazitaka keshokutwa simtetei hata kidogo. Lakini fundi ambaye hana mbao zilizokaa darini zikikauka kabla mteja hajafika, huyo anaanza kazi akiwa amechelewa tayari.

Haya, tuseme ubao umekauka. Bado kuna kuziba vinyweleo, hatua ambayo karakana nyingi zinaichukulia kama kumtuma mtoto dukani. Ukipuliza klia moja kwa moja juu ya mninga au mtiki, vinyweleo vinainywa. Leo sehemu iko tambarare, mwezi ujao imebonyea na mistari ya mti imejichora juu. Fundi akiona hivyo anaongeza klia, na ikibonyea tena anaongeza nyingine, mpaka fimbo inavaa koti zito ambalo likigongwa ukingoni mwa meza linapasuka. Dawa yake ni kuziba kwanza. Wengi wetu tunatumia sila, ile ya maziwamaziwa inayosuguliwa kirahisi. Ni nzuri, ila urahisi huo unatokana na unga laini uliochanganywa ndani, kwa hiyo ukiirundika sana unakuwa umejenga nyumba juu ya vumbi. Ipake nyembamba, isugue karibu yote uiache kwenye vinyweleo tu. Watengenezaji wengi wa fimbo za bei huko nje wanaziba kwa gundi ya epoksi iliyopakwa nyembamba mno huku fimbo ikizunguka polepole kwenye mashine ya kukerezea, au kwa gundi ile ya papo kwa papo. Kisha msasa namba 400, halafu 600, ndipo klia inaanza kupulizwa, tabaka jembamba juu ya jembamba. Ikishakomaa inapigwa msasa wa maji namba 1000, 1500, mpaka 2000, na mwisho dawa ya kung'arishia. Mng'ao mnaouona kwenye picha umetokana na kusugua kuliko kupaka.

Na hapa niseme la mpingo, mti tunaouimba kila siku. Mpingo una uzito unaozidi maji, ukiutupa kisimani unazama, na una mafuta yake ya asili. Mafuta hayo yanazuia vanishi nyingi za mafuta kukauka. Fundi anapaka, siku ya tatu bado inanata, anasema ameuziwa vanishi feki. Vanishi haina kosa! Ufute ubao kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka, kisha weka tabaka la shelaki iliyotolewa nta, ndipo uendelee. Tena vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo usilisugue ukiwa kifua wazi.

Kuna kosa jingine dogo linaloniudhi kuliko yote. Fundi anaipaka klia fimbo nzima, kuanzia kitako mpaka nchani. Ndugu yangu, ile sehemu ya mbele inateleza juu ya mkono wa mchezaji! Kwenye joto letu, mkono una jasho, klia nene inakamata kama gundi. Ndiyo maana mnaona vijana wanajipaka poda ya watoto mpaka kitambaa cha kijani kinageuka uwanja wa chokaa. Sehemu ya mbele inazibwa kidogo tu, inasuguliwa kwa ngozi kavu mpaka ipate joto na kulainika, basi. Klia nene ni ya kishikio.

Halafu vichwa vya fimbo. Ubao unakunywa maji kwa kasi zaidi pale ulipokatwa mwisho kuliko ubavuni, na sisi tunapaka ubavu tu. Fimbo za baa zinasimama ukutani, kitako sakafuni. Asubuhi mhudumu anapiga deki, usiku bia inamwagika. Kitako ambacho hakikuzibwa kinakunywa vyote viwili. Ndiyo maana kubanduka kunaanzia chini! Tone la epoksi kabla ya kubandika mpira wa kitako lingemaliza habari, na tone hilo haligharimu hata chupa ya soda.

Masika nayo ina vituko vyake. Ukipuliza ile klia ya tina hewa ikiwa imejaa unyevu, inakuwa nyeupe kama ukungu, na lawama zote zinaenda kwa muuza tina. Kinachotokea ni kwamba tina inaporuka kwa kasi inaupoza uso wa ubao, unyevu wa hewani unaganda pale kama jasho la chupa ya baridi, na unanaswa ndani. Subiri jua lipande, au tumia tina inayokauka taratibu. Wengine wanakimbilia kuanika fimbo juani mara tu wanapomaliza kupuliza, na hewa iliyomo kwenye vinyweleo inatanuka, inatoka na mapovu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo si la mzaha. Karakana nyingi zimehamia kwenye klia ya magari, ile ya makopo mawili, klia na hadena. Sibishi, ni ngumu, haichubuki ovyo, na watengenezaji wakubwa wa fimbo wanaitumia. Lakini kwenye kopo la hadena kuna kemikali zinazoitwa isosayaneti, na hizi zinajulikana duniani kote kama chanzo kikubwa cha pumu ya kazini, hasa kwa wapuliza rangi. Mwili ukishazikataa, hata chembe kidogo baadaye inaweza kukubana kifua. Na nani anapuliza? Fundi mkuu yuko nje anapatana bei. Anayepuliza ni kijana wa miaka kumi na saba amejifunga fulana puani! Nimewaona, si mmoja. Fulana haizuii kitu, na kibarakoa cha hospitali nacho hakizuii mvuke ule. Inatakiwa barakoa inayoleta hewa safi kwa bomba kutoka nje, na chumba chenye feni inayovuta hewa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Karakana ikishindwa kuvinunua, basi isiguse klia ya makopo mawili, irudi kwenye shelaki na vanishi za kawaida. Fimbo itachubuka mapema kidogo. Heri ichubuke.

Mtasema naandika mambo ya baa wakati nchi ina matatizo. Mwaka 2016 pool ilipopigwa marufuku saa za kazi, magazeti yalijaa habari za uvivu wa vijana. Sikumbuki kusoma popote kuhusu nani anazitengeneza fimbo hizo na analipwa nini. Wakati huohuo kila mkutano wa wakubwa unahubiri kuongeza thamani. Thamani ya kitu cha mbao inaongezwa wapi kama si kwenye ngozi yake?

Na hili halikuanza jana. Sandarusi, utomvu uliokuwa unachimbwa ardhini Mrima, ndiyo ilikuwa inatengeneza vanishi bora za karne ya 19. Marekani walisaini mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanaisomba kutoka Zanzibar hata wakajenga kiwanda cha kuisafishia kulekule kwao. Magari ya farasi ya wenzetu yaling'aa kwa utomvu wetu. Sisi tulibaki na mashimo.

Mpingo unafuata njia hiyohiyo. Unaondoka vipande, unarudi ukiwa zumari au kishikio cha fimbo ya bei mbaya. Wanakijiji wa Kikole na Kisangi kule Kilwa walipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009 kwa kutunza msitu wao, kwa hiyo mti wenye asili safi tunao. Tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo iko kwenye orodha ya CITES na kuusafirisha kunadai kibali, lakini marekebisho ya mwaka 2019 yaliacha nje bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena. Soma tena: zilizokamilika. Fimbo nzima haifiki hata gramu 600. Dunia inatuambia wazi leteni kilichomalizika, nasi kumalizia ndiko tunakokuona kazi ya mtoto wa karakana.

Nimemaliza. Fundi anayesema nimemsingizia namkaribisha, aje na fimbo yake iliyokaa baa mwaka mzima, tuilaze mezani, tuiviringishe, kisha tukiangalie kitako.