Paka Hakula Samaki Wale

Likizo iliyopita nilisingiziwa. Nilikuwa Mbeya kwa mjomba, pale Forest, nikaachiwa kazi moja tu: kuangalia tanki lake la samaki wa maji chumvi. Ndani ya wiki mbili samaki watatu wakapotea. Hakuna mzoga, hakuna mwiba. Mjomba aliporudi akaniuliza kwa ule upole unaoumiza kuliko kufokewa: "Kijana wangu, mlango ulikuwa unafunga? Au paka?"

Mlaji alikuwa humo humo tankini, amekaa juu ya jiwe, mzuri kama ua. Ni tumbawe uyoga la aina ya sikio la tembo, kitaalamu Amplexidiscus fenestrafer, linaloweza kufika upana wa sentimita 30. Samaki mdogo akitua juu yake, kingo zinajikunja taratibu kama mfuko unaokazwa kamba. Kinabaki kiupenyo juu, halafu nacho kinazibwa. Usiku mmoja nilimulika kwa tochi ya simu nikamwona klauni wetu wa mwisho ndani ya mfuko huo. Nilichelewa.

Maoni yangu ni haya: anayekuuzia tumbawe bila kukwambia linakulaje, amekuuzia nusu ya mali. Ila na sisi wanunuzi tuna makosa, tunauliza rangi na bei basi. Nasema hivi kwa sababu hata huku Iringa nimeanza kuona wenzangu wakiweka matanki getoni.

Mwenye samaki wadogo, mimi ningemshauri achukue Discosoma ndogo au Ricordea. Hizi hubaki za sentimita chache tu, na chakula chao kikubwa hutokana na mwanga, kwa msaada wa vijimwani vinavyoishi ndani yao. Rhodactis ndogo haina neno, lakini zipo zinazokua kubwa na kujikunja vile vile, kwa hiyo usizichukulie poa. Sikio la tembo utalijua hata likiwa bado changa: karibu na ukingo lina duara tupu lisilo na minyiri. Ukiliona duara hilo, rudisha pochi mfukoni.

Najua kuna atakayesema, Mbeya na bahari wapi na wapi? Swali la haki kabisa. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai bila hita samaki wale hawatoboi, na kila lita ya maji inataka gramu 35 hivi za chumvi maalumu. Bumu halitoshi. Bora samaki wa Ziwa Nyasa, tuna Kyela jirani.

Lakini hata huko usilale. Ziwani yumo Nimbochromis livingstonii, ambaye hujilaza ubavu mchangani akajifanya mfu. Vidagaa wakija kudonoa, anawameza. Kwa wenzetu wa Malawi anaitwa kaligono, yaani msinziaji. Swali ni lile lile la tumbawe: huyu anakulaje?

Mjomba hajasema samahani mpaka leo. Ila sikio la tembo amelihamishia tanki lake peke yake, analilisha vipande vya kamba kwa koleo, na nikipiga simu kumwamkia ananipa kwanza habari zake.