Kitansi Kimoja Kitoshe

KANDO YA LUVUA
Na Ilunga Mwamba

Juma lililopita, njiani kutoka Kiambi kwenda Manono, nilipumzika kivulini na mama mmoja aliyekuwa akisindikiza baiskeli ya samaki wakavu. Kijana wake ndiye aliyeisukuma. Nikamwuliza biashara inaendaje. Hakujibu. Alifungua pindo la kitenge kiunoni, akatoa kimfuko cha plastiki, na ndani yake karatasi nne. Moja ilikuwa na mhuri uliofifia. Ya pili ilichanwa kwenye daftari la shule, ina sahihi tu. Mbili zilizobaki zilikuwa za kodi ileile, tarehe ileile, bei mbalimbali.

"Na kwenye bariyeri ya mbele, baba," akaniambia, "watasema hizi si zao."

Wakubwa wa kodi wanaposema raia wetu hapendi kulipa, namkumbuka mama huyu. Kalipa mara nne na jua halijafika utosini! Kulipa anajua sana. Hajui tu alimlipa nani.

Sheria tunazo. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi inayowekwa ila kwa sheria; kifungu hicho hicho kinasema kila anayeishi nchini ana wajibu wa kuchangia. Barabarani kwetu wanakumbuka nusu ya pili. Kuna pia dekreti ya Machi 28, 2002, iliyoruhusu huduma nne tu kukaa mpakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa wa OCC, uhamiaji wa DGM na watu wa afya. Aliyewahi kuvuka mpaka wowote wa nchi hii na mzigo kichwani ajihesabie mwenyewe ni mikono mingapi ilinyooshwa, na mingapi iliomba matabishi. Mwaka 2009 OFIDA, idara ya forodha, ilifutwa, ikaja DGDA. Jina hubadilika kwa siku moja.

Halafu ikaja RAM, kodi ya simu. Nani kaisahau? Septemba 2020 salio la simu likaanza kukatwa: unaliweka asubuhi, mchana limepungua, na kitansi hakuna. Wabunge wakauliza fedha zinakwenda wapi, wananchi wakapiga kelele, na mwaka 2022 ikafutwa. Nadhani ile kodi iliharibu zaidi ya ilivyokusanya, kwa sababu hata asiyewahi kukanyaga ofisi ya kodi alijiona ameibiwa akiwa amekaa nyumbani kwake.

Jirani zetu Watanzania nao hawajakosa mashaka. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa kuchoshwa na watu wa kodi, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda mwenyewe kuwasikiliza. Kusikiliza ni vizuri. Kusikiliza kabla maduka hayajafungwa ni bora zaidi.

Lakini hata kitansi safi hakitoshi kama fedha zikishapanda hazishuki. Kifungu cha 175 kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, zikatwe palepale zinapokusanywa. Tangu 2006 tunazisubiri. Sheria ya madini ya 2018 inazipa serikali za mitaa zenye machimbo asilimia 15 ya mrabaha. Mchimbaji wa Manono anayajua hayo? Nani alimwambia?

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wetu wa kodi, wa taifa na wa jimbo, mambo yasiyohitaji semina Kalemie wala mgeni kutoka Kinshasa. Tundikeni ubao sokoni Kiambi: samaki kiasi gani, mawese kiasi gani, kwa Kiswahili, kwa faranga. Kitansi cha bariyeri ya kwanza kiheshimiwe hadi mwisho wa safari. Na kila mwezi andikeni chini ya ubao huohuo mlichokusanya na kilikokwenda.

Ubao huo ukitundikwa, nitauandika hapa hapa, bei zake zote.