Kabla ya kuongeza viti msikitini, tuyatazame magoti yetu



Ndugu Waislamu, aingiaye misikitini mwetu siku hizi hakosi kuona viti vya plastiki pembeni mwa safu. Wanaovikalia si wazee vikongwe peke yao. Wamo wenzetu wa miaka 45 na 50. Ruhusa ya kusali kwa kukaa ni rehema, na kisa cha Imran bin Husayn (R.A.) alichokipokea Bukhari kinajulikana. Hatumnyooshei kidole mgonjwa. Tunachouliza ni iwapo wote hao wameshindwa kweli, au wengine wameyapumzisha magoti yao mpaka yakadhoofika.

Tumezoeana kuambiana kwamba goti linalouma lisiguswe. Jambo hili si sahihi. Gegedu, ile nyama ngumu laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Hupata lishe kutokana na ute wa kiungo, nao huingia na kutoka pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa. Goti lisilotembezwa hunyimwa chakula chake. Isitoshe, misuli ya paja ndiyo inayolipunguzia goti kishindo cha mwili, na misuli hiyo huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, kwa kadiri ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi.

Wapo wanaosema sala tano zatosha kuwa mazoezi. Sala ni ibada. Haikufaradhishwa kwa ajili ya magoti, wala mzigo wake hauongezeki.

Kuna na kosa la upande wa pili, nalo ni la wanaume zaidi. Mtu alinyanyua vyuma ujanani, akaacha, na siku anaporudi hushika uzito ule ule wa miaka 20 iliyopita mbele ya vijana. Misuli yaweza kumwitikia upesi, lakini kano huzoea mzigo polepole mno, na hapo ndipo bega au goti linapolalamika. Mwenye umri wa makamo na achague uzito anaoweza kuunyanyua mara 12 hadi 15 bila kubana pumzi, aushushe taratibu, na apumzike siku moja au mbili kabla ya kurudia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, lilitaja siku 2 au zaidi kwa wiki. Akichuchumaa, asilazimike kufika chini kabisa. Maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho yake huvumilika. Goti likiamka limevimba, apunguze mzigo, asiache.

Mama zetu wasidhani haya hayawahusu. Hedhi ikishakoma, mifupa hupoteza nguvu kwa haraka, nao ndio tunaowaambia wakae wapumzike! Hawahitaji kwenda popote. Ndani ya nyumba, mama aketi kwenye kiti imara na kuinuka bila kushika kitu, mara 10, apumzike, arudie. Chupa mbili zilizojazwa mchanga zatosha kwa mikono. Na sufuria la pilau nalo litazamwe: utafiti wa Marekani uliotolewa 2005, kwa watu wazima wanene wenye maradhi ya goti, ulionyesha kwamba kila kilo 1 iliyopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Goti lililovimba ghafla, lenye joto au linalokwama, lipelekwe kwanza hospitali.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za misikiti, kabla ya kuchangisha fedha za viti vingine, zimwalike mtaalamu wa tiba ya viungo jioni moja baada ya sala ya Isha, awaonyeshe waumini namna ya kuinuka. Na upande wa wanawake usisahauliwe.