"Padri Mmoja" Si Jina la Mtunzi

Jumatano moja jioni nilikaa kwenye mazoezi ya kwaya huko Mbagala, wilaya ya Temeke. Karatasi ya nota iliyogawiwa ilikuwa kopi ya kopi. Herufi za d, r, m zimefifia, na juu mashine imekata pale ambapo jina la mtunzi hukaa. Nikamuuliza mwalimu wa kwaya, "Huu katunga nani?" Akajibu bila kuinua macho, "Wa zamani huo. Padri mmoja hivi." Mazoezi yakaendelea. Sauti ya tatu wakapotea, wakarudi.

Jibu lile linanikera mpaka leo, ila sina ugomvi na mwalimu yule. Ugomvi wangu ni na sisi: waandishi wa habari za utamaduni, wahakiki, na nyie mnaosoma hapa, tunaojiita wapenzi wa fasihi.

Hebu andika "Baba Yetu" kwenye simu yako sasa hivi. Uwezekano mkubwa utaanza kukutana na wimbo wa Christopher Tin, Mmarekani, aliyeutunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV, uliotoka 2005. Maneno ni sala yetu ya Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ukapata Grammy, wa kwanza kufanya hivyo kutoka muziki wa michezo ya kompyuta. Tin simlaumu hata kidogo. Kafanya kazi yake, na jina lake liko pale.

Sasa muulize mtu yeyote mwenye digrii ya Kiswahili kuhusu Padri Stephen Mbunga, Mtanzania, aliyetunga Misa Baba Yetu miongo kadhaa kabla ya mchezo huo. Atakuangalia tu.

Na Mbunga hakuishia kwenye nota. Mwaka 1963 kitabu chake, Church Law and Bantu Music, kilichapishwa Uswisi. Ndani yake alichukua hati za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu akaangalia zinauhusu vipi muziki wa Kibantu. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya liturujia inayotaka muziki wa asili wa watu upewe heshima yake katika ibada. Yaani Mtanganyika aliandika juu ya jambo hilo wakati Mtaguso wenyewe bado uko kikaoni. Mtu wa namna hiyo hana nafasi kwenye historia yetu ya waandishi? Eti kwa sababu aliandika pia sauti nne?

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza: "Hiyo ni ya kanisani, siyo fasihi." Jamani! Al-Inkishafi ni nini? Utenzi wa Mwana Kupona ni nini? Tunausoma utenzi ule wa mwaka 1858, mama anamuusia binti yake dini na maisha ya ndoa, na hakuna anayemuuliza mwanafunzi anasali wapi. Tunafanya vizuri kabisa. Basi kipimo hichohicho kitumike hata kwa misa.

La pili: "Sisi hatusomi nota." Mama muuza mihogo pale Mbagala, aliyeishia darasa la saba, anasoma d, r, m kwa macho na kuimba papo hapo. Wewe una digrii mbili. Aibu hiyo ni ya kwako, usimtwishe mtunzi.

La tatu ndilo la hatari zaidi: kwamba kuweka maneno kwenye tuni ni ufundi tu, lugha haihusiki. Neno la Kiswahili lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua tuni ya Ulaya, ulazimishe Kiswahili kiingie, utasikia "Mungú" na "Bwaná", mkazo umerukia mwisho kama abiria aliyepitiliza kituo. Tumeziimba nyimbo za namna hiyo miaka na miaka. Mtunzi anayeijua lugha huacha neno litangulie, tuni ifuate. Hiyo ni kazi ya arudhi, sawasawa na ya mshairi anayehesabu mizani. Lugha yenyewe ilishaamua zamani: Shaaban Robert ni mtunzi, na mwenye misa ni mtunzi. Neno ni moja. Tuliowatenga ni sisi.

Tazama Uganda. Joseph Kyagambiddwa alichapisha kitabu cha muziki wa kwao mwaka 1955, na mwaka 1964 oratorio yake ya Mashahidi wa Uganda ikaimbwa Roma walipotangazwa watakatifu. Justinian Tamusuza naye alirekodiwa na Kronos Quartet ya Marekani kwenye albamu ya 1992. Hawa wanatajwa kwa majina.

Ninachodai ni kidogo. Kwaya ziandike jina la mtunzi kwa kalamu kabla ya kutoa kopi. Wahakiki wahakiki misa moja kwa mwaka, kama wanavyohakiki diwani. Na mchapishaji mmoja tu atuletee kitabu cha Mbunga kwa Kiswahili.

Mimi nitarudi Mbagala. Nitauliza tena wimbo ule katunga nani. Nikiambiwa "padri mmoja", nitauliza: yupi?